Kuahirisha si Kupisha: Uhakiki wa Tafsiri za Kitenzi cha Kiingereza "Defer"

Utangulizi

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayowapotosha wafasiri wetu, yapo makubwa ambayo kila mtu huyaogopa, na yapo madogo ambayo hakuna anayeyaogopa. Hayo madogo ndiyo yenye madhara zaidi, kwa sababu mfasiri hayatafuti katika kamusi, hudhani anayajua. Kitenzi "defer" ni kimojawapo. Mfasiri akikutana nacho huandika "ahirisha" na kuendelea na kazi yake. Mara nyingi huwa amepata. Lakini pale anapokosa, hukosa kabisa, na kosa lenyewe halionekani upesi, kwani sentensi ya Kiswahili hubaki ikisomeka vizuri.

Katika makala haya tunakusudia kueleza asili ya kitenzi hicho, kuonyesha kwamba kwa hakika ni vitenzi viwili vilivyokutana katika tahajia moja, kisha kuhakiki namna vinavyofasiriwa kwa Kiswahili na kupendekeza njia iliyo bora. Hoja yetu ni moja tu: mkanganyiko uliozaliwa na historia ya tahajia ya Kiingereza haupaswi kuhamishiwa katika Kiswahili, lugha ambayo tangu zamani ina maneno mbalimbali kwa dhana hizo mbili.

Ifahamike kwamba jambo hili si la wanalugha peke yao. Mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria zake ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na lugha ya mahakama. Kwa hiyo maneno ambayo zamani yalibishaniwa na wanasheria kwa Kiingereza sasa hayana budi kusemwa kwa Kiswahili, na anayeyasoma ni mwananchi ambaye haki yake imo ndani ya kitenzi. Kitenzi kikiwa kibovu, haki yake nayo huyumba.

Asili ya Vitenzi Hivyo

Msingi wa vitenzi vyote viwili ni kitenzi cha Kilatini "ferre", maana yake kubeba au kuchukua. Kitenzi hiki kilizaa ukoo mkubwa kwa kupachikwa viambishi mwanzoni, na Kiingereza kimeurithi ukoo huo katika maneno kama "refer", "transfer", "prefer", "offer" na "suffer".

Kitenzi cha kwanza kilipata kiambishi "dis-", chenye maana ya kutenga au kutawanya, kikawa "differre". Maana zake katika Kilatini zilikuwa tatu: kubeba huku na huko, yaani kutawanya, kuwa tofauti, na kulipeleka jambo kwenye wakati mwingine. Kwa kupitia Kifaransa cha kale neno hili liliingia katika Kiingereza katika karne ya 14, na huko likagawanyika. Maana ya kuwa tofauti ilibaki katika "differ", neno lenye mkazo katika silabi ya kwanza. Maana ya kupeleka mbele ikawa "defer", lenye mkazo katika silabi ya mwisho. Hivyo "differ" na "defer" hii ya kwanza ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, ingawa leo hakuna Mwingereza wa kawaida anayewakumbuka hivyo.

Kitenzi cha pili kilipata kiambishi "de-", chenye maana ya kwenda chini au kwenda mbali, kikawa "deferre". Maana yake ilikuwa kuteremsha, kukabidhi, na vilevile kupeleka habari au shtaka kwa mwenye mamlaka. Nacho kilipitia Kifaransa, kikaingia Kiingereza katika karne ya 15. Kwanza kilitumika kwa maana ya kulipeleka jambo kwa mtu mwingine ili aliamue. Baadaye kikawa na maana ya kuiacha rai yako na kuifuata ya mwingine. Jina lake, "deference", lilifuata katika karne ya 17.

Kutokana na maelezo hayo ni dhahiri kwamba "defer" ya kuchelewesha ina undugu wa karibu zaidi na "differ" kuliko na "defer" ya kufuata rai ya mwingine. Hizo "defer" mbili ni binamu tu, wajukuu wa babu mmoja, ambao kwa bahati wamekuwa wakiitana somo. Aidha, Kiingereza chenyewe hakikuwachanganya kabisa. Kimewatenga kwa majina: "deferment" na "deferral" ni za wa kwanza, na "deference" ni ya wa pili. Kimewatenga pia kwa sarufi: wa pili hufuatwa na kihusishi "to" kinachomtaja anayefuatwa, hali wa kwanza humtaka mtendwa moja kwa moja. Anayesoma kwa makini huonyeshwa njia. Anayesoma kwa haraka huliona umbo tu.

Kifaransa kimewatenga hata kwa maandishi. "Différer" ni kuahirisha au kutofautiana. "Déférer" ni kufuata rai, na katika lugha ya mahakama ni kumfikisha mtu mbele ya mwendesha mashtaka au mahakama. Maana hii ya mwisho imekaa karibu sana na ile ya Kirumi ya kupeleka shtaka. Wafasiri wa Kiswahili walioko Kongo, ambako nyaraka za mahakama huandikwa kwa Kifaransa, wana bahati kwamba tahajia inawaonya. Lakini nao wakitegemea kamusi ya Kiingereza kuwa daraja kati ya Kifaransa na Kiswahili, onyo hilo litapotea njiani, na mtu aliyefikishwa mbele ya sheria ataandikwa kuwa ameahirishwa.

Akiba ya Kiswahili kwa Dhana ya Kwanza

Tuanze na "ahirisha". Neno hili lina asili ya Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuja nyuma au kuwa mwisho. Mzizi huohuo ndio uliotupa "ahera", maisha ya mwisho, na "akheri", yaani mwisho. Katika sheria ya Kiislamu sehemu ya mahari inayobaki kulipwa baadaye huitwa kwa Kiarabu "mu'akhkhar", neno la mzizi huohuo. Kuahirisha, basi, ni kulirudisha jambo nyuma katika foleni ya mambo. Inafurahisha kuona kwamba Kiswahili husema pia "kusogeza mbele" kwa maana hiyohiyo: neno la mkopo hulirudisha jambo nyuma, usemi wa kienyeji hulisukuma mbele, na Mrumi alilibeba kando. Taswira ni tatu, dhana ni moja.

Hata hivyo "ahirisha" halifanani na "chelewesha", wala na "kawiza", wala na "limatisha". Kuahirisha ni tendo la uamuzi. Yupo aliyeamua, lipo jambo lililoamuliwa, na kwa kawaida upo wakati mwingine unaotazamiwa. Kuchelewesha ni tendo linaloweza kutokea bila ya mtu kuamua, na mara nyingi lina lawama ndani yake. Hakimu huahirisha kesi. Upelelezi usiokamilika huichelewesha. Tofauti hii imo hata katika methali zetu. Twasema "chelewa chelewa utamkuta mwana si wako" na "ngoja ngoja huumiza matumbo", kwa sababu methali hizo zinasema juu ya tabia ya mtu. Hatusemi "ahirisha ahirisha", kwa maana kuahirisha ni neno la baraza na la ofisi.

Kwa hiyo katika dhana ya kwanza "ahirisha" ni tafsiri sahihi pale penye uamuzi wa wazi: kuahirisha mkutano, kuahirisha mtihani, kuahirisha masomo ya chuo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1972 iliyoipa mahakama uwezo wa kungoja kwa muda usiozidi miezi 6 kabla ya kumtolea mkosaji adhabu, ili kuutazama mwenendo wake, inafasirika barabara kwa maneno "kuahirisha kutoa adhabu". Mfasiri aliyeandika "kuchelewesha adhabu" atakuwa ameilaumu mahakama bila ya kukusudia.

Kosa la Kwanza: Kuahirisha Kisichoahirishwa

Hata ndani ya dhana hii ya kwanza yapo makosa, na mengi yanatokana na kulitumia umbo la sifa "deferred" bila ya kuuliza ni kitu gani hasa kilichopelekwa mbele.

Tuchukue mfano wa uhasibu. Shirika likipokea kodi ya pango ya mwaka mzima mwezi Januari, sehemu ya fedha hizo haihesabiwi kuwa mapato mpaka miezi husika ifike. Kwa Kiingereza huitwa "deferred income". Mfasiri akiandika "mapato yaliyoahirishwa", msomaji wa taarifa hiyo, labda mwanachama wa ushirika asiyesomea uhasibu, atafahamu kwamba fedha hizo bado hazijaja. Ukweli ni kinyume chake kabisa: fedha zimo mkononi tayari, na kilichoahirishwa ni kuzitambua katika hesabu za mapato. Hapa neno moja limegeuza pesa zilizopokelewa kuwa pesa zinazongojewa. Kusema "mapato yaliyopokelewa kabla ya wakati wake" kuna maneno mengi zaidi, lakini hakuna uwongo.

Hali kadhalika "deferred tax", ambayo Kiwango cha 12 cha Uhasibu cha Kimataifa kinaishughulikia. Kodi hii hutokana na tofauti za muda kati ya thamani ya mali na madeni katika vitabu vya hesabu na thamani yake kwa madhumuni ya kodi. Hakuna mtoza kodi aliyekaa akaamua kumpa mtu muhula. "Kodi iliyoahirishwa" humfanya msomaji aamini kwamba kampuni imesamehewa kwa muda, na pengine aulize ni nani aliyeipendelea. Tungeshauri "kodi ya vipindi vijavyo".

Mfano wa tatu unawahusu zaidi wasemaji wa Kiswahili walioko Marekani ya Kaskazini. Tarehe 15 Juni 2012 Serikali ya Marekani ilitangaza mpango kwa ajili ya watu walioingizwa nchini humo wakiwa watoto bila ya vibali, na katika jina la mpango huo mlikuwa na maneno "Deferred Action". Mtu akiyafasiri "hatua iliyoahirishwa", mzazi anayesoma atadhani kwamba msaada wenyewe umesogezwa mbele na inafaa angoje. Kumbe hatua inayosemwa ni ile ya kumwondoa mtu nchini. Hiyo ndiyo iliyoahirishwa, kwa miaka 2 inayoweza kuongezwa. Neno lilelile linaweza kusikika kama kunyimwa au kama kupewa nafuu, kwa sababu tu mfasiri hakutaja kinachoahirishwa.

Kanuni inayotokana na mifano hii ni nyepesi. Kitenzi "ahirisha" kinadai kitajwe anachotendwa. Mfasiri asipoweza kukitaja, basi bado hajaielewa istilahi anayoifasiri.

Kosa la Pili: Kuahirisha Badala ya Kufuata Rai

Sasa tufikie kosa lililo kubwa kuliko yote. Tuchukue sentensi ya kisheria ya Kiingereza, "The court deferred to the tribunal". Maana yake ni kwamba mahakama ilikuwa na uwezo wa kuamua vingine, lakini iliona vema kuufuata uamuzi wa baraza. Mfasiri aliyezoea "ahirisha" ataandika: "Mahakama iliahirisha shauri hadi kwenye baraza." Sentensi hii ina sarufi safi. Tena inaingia akilini. Lakini tumfikirie mkulima aliyeshindwa katika mgogoro wa shamba, akasomewa maneno hayo. Atafahamu kwamba shauri lake bado li hai, kwamba baraza litakaa tena, na kwamba kazi yake ni kungoja aitwe. Kwa kweli shauri limekwisha na yeye ameshindwa. Siku za kukata rufaa zinapita akiwa nyumbani anangoja tarehe isiyokuwapo.

Huenda msomaji akasema kwamba muktadha utaeleza. Muktadha humsaidia aliye na matini ya Kiingereza kando yake. Yule aliye na Kiswahili peke yake hana kitu kingine cha kulinganisha nacho. Isitoshe, sisi wenyewe tunayo maneno ya namna hiyo. "Paa" ni sehemu ya juu ya nyumba, ni mnyama wa porini, na ni kitenzi cha kwenda juu. Mgeni ambaye angeyafasiri yote matatu kwa neno moja la lugha yake, kisha akasema muktadha utaeleza, tungemcheka. Haki hiyo ya kucheka tusiwape wengine juu yetu.

Akiba ya Kiswahili kwa Dhana ya Pili

Je, Kiswahili kina neno gani kwa dhana hii ya pili? Yanayotumika mara nyingi ni "tii", "heshimu" na "salimu amri". Hatuna budi kuyapima moja moja, na kipimo kinafaa kiwe dhana yenyewe. Dhana hii ina mambo matatu: kwanza, mwenye kutenda ana rai yake na ana uwezo wa kuamua, pili, anauacha uwezo huo kwa hiari, kwa sababu ya elimu, uzoefu au nafasi ya mwingine, tatu, kuuacha huko hakumwondolei uwezo wake siku nyingine.

"Kutii" kunaliangusha jambo la kwanza. Anayetii yuko chini ya amri. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu" ni methali ya utii, na guu linalovunjika ni ushahidi kwamba hiari haimo. "Kusalimu amri" kunaliangusha la pili, maana ni neno la aliyeshindwa vitani. "Kuheshimu" hakuanguki, lakini hakufiki: mtu anaweza kuiheshimu rai ya mwenzake, akamshukuru, kisha akaamua anavyotaka yeye.

Mfano halisi utaonyesha uzito wa tofauti hizi. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Chevron, iliweka kanuni kwamba pale sheria isipokuwa wazi, mahakama zifuate tafsiri ya idara ya serikali inayoisimamia sheria hiyo, mradi tafsiri hiyo iwe ya kuridhisha. Kanuni hiyo ilidumu kwa miaka 40, hadi tarehe 28 Juni 2024 ilipotenguliwa na mahakama hiyohiyo katika shauri la Loper Bright. Tukiiita kanuni hiyo "utii wa mahakama", tutawafanya majaji wa miaka yote hiyo kuwa watumishi wa idara za serikali, na hukumu ya mwaka 2024 itasomeka kama uasi. Tukiiita "heshima ya mahakama", hukumu hiyo itasomeka kana kwamba majaji wameacha kuziheshimu idara. Hakuna lililo kweli. Mahakama bado zaweza kuusikiliza ujuzi wa idara. Kilichobadilika ni kwamba uamuzi wa mwisho juu ya maana ya sheria ni wa mahakama zenyewe.

Kwa maoni yetu, neno linalotimiza masharti yote matatu liko karibu sana nasi kiasi kwamba tumelipita bila ya kuliona. Neno hilo ni "pisha". Kijana anapokutana na mzee katika njia nyembamba, humpisha. Njia ni ya wote wawili. Kijana hakushindwa, wala hakuamriwa. Anasimama kando kwa hiari yake, na mwenzake akishapita, yeye huendelea na safari yake. Kwa mfano huohuo mahakama huipisha rai ya baraza: inasimama kando ili rai hiyo ipite.

Neno hili lina faida nyingine ya kisarufi. Kitenzi "pita" kina kauli mbili za kusababisha, "pisha" na "pitisha", na matumizi yamekwisha kuzitenga. Bunge hupitisha muswada, yaani huukubali. Anayepisha si lazima awe amekubali. Ameacha tu nafasi. Hapo ndipo ilipo roho ya dhana tunayoitafuta, kwa maana hakimu anaweza kuipisha rai ambayo yeye mwenyewe asingeitoa. Kiingereza kinahitaji sentensi nzima kulieleza jambo hilo. Kiswahili kina silabi moja ya kulitenga.

Twafahamu kwamba pingamizi litatolewa. Watu husema "wananchi wamehama kupisha ujenzi wa barabara", na mara nyingi kuhama huko kumeagizwa na serikali. Je, neno halijachukua harufu ya kulazimishwa? Jibu letu ni kwamba lazima katika mfano huo inatoka kwenye agizo, haitoki kwenye kitenzi. Kitenzi kinataja tendo la kuacha nafasi tu. Ili shaka iondoke, katika matumizi ya kisheria neno lisiachwe peke yake, bali liandamane na kile kinachopishwa: kupisha rai, kupisha tafsiri, kupisha uamuzi.

Ama jina "deference", likitumika kwa tabia ya mtu na si kwa kanuni ya uamuzi, Kiswahili kina "staha", neno la siku nyingi na la kupendeza. Mtu husema na wakubwa kwa staha. Staha imo moyoni na katika mwenendo. Kupisha ni tendo linaloweza kutokana na staha hiyo.

Hitimisho

Kwa muhtasari, tunapendekeza yafuatayo kwa watunga istilahi, wafasiri na wahariri wa kamusi:

(a) "Defer" iingizwe katika kamusi na orodha za istilahi kama vidahizo viwili vyenye namba, wala si kidahizo kimoja chenye maana mbili.

(b) Kidahizo cha kwanza kifasiriwe "ahirisha" au "sogeza mbele" pale penye uamuzi, na kitajwe kinachoahirishwa. Istilahi za hesabu zenye "deferred" zifasiriwe kwa dhana, moja moja, na si kwa kanuni moja.

(c) Kidahizo cha pili kifasiriwe "pisha (rai, tafsiri, uamuzi)" katika sheria, na "achia uamuzi" katika maandishi ya kawaida. Jina lake liwe "staha" kwa tabia, na "kupisha rai" kwa kanuni.

(d) "Tii" na "salimu amri" yasitumike kwa dhana hii.

Mapendekezo haya yako wazi kukosolewa, na tungefurahi kupata maoni ya mahakimu, mawakili na wahasibu ambao hukutana na kitenzi hiki kazini kila siku. Inawezekana lipo neno katika lahaja mojawapo ya pwani au katika lugha nyingine za Kibantu lililo bora kuliko "pisha"; likipatikana, tutalipisha lipite.